Mnyama Asielee Hewani: Mwongozo Kamili wa Picha ya Majira ya Kuchipua kwa Mihuri, Rangi na Vipande vya Karatasi

Picha nyingi zinazogongwa kwa mihuri ya wino zina kasoro moja. Sungura kagongwa vizuri, manyoya yanahesabika, tulipu zimepangwa kandokando yake, vipepeo wako juu, lakini hakuna kinachomgusa mwenzake. Kila kitu kinaelea, utadhani vibandiko vilivyomwagwa mezani. Muhuri hauna kosa hapo. Aliyeugonga alidhani kugonga ndiko kumaliza, kumbe ndiko kuanza.

Tutafuata picha moja tangu karatasi tupu hadi vanishi: sungura aliyeketi nyasini, tulipu tatu, dafodili mbili, mbayuwayu mmoja angani, na nyuki kama nafasi itabaki. Ukubwa ni A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Jipe siku mbili. Kazi ya mikono ni saa nne au tano hivi. Muda mwingine wote ni wa kusubiri vitu vikauke, na papara ya kutosubiri huharibu picha kuliko mkono usio na ufundi.

Vifaa, na kwa nini wino ndio wa kuuchunguza zaidi

Usifanyie karatasi ubahili. Tafuta ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya printa ina gramu 80 hivi. Ukiilowesha mara mbili inajikunja kama jani kavu, na muhuri haukai sawasawa juu ya mawimbi. Kati ya zile nzito, chagua yenye uso laini. Zile za mikwaruzo mikubwa ni nzuri kwa anga na milima, ila zinameza mistari myembamba ya muhuri.

Utahitaji pia jeso nyeupe, yaani ile rangi nzito ya kutayarishia uso, gundi ya akriliki isiyong'aa ikikauka, rangi za akriliki, brashi mbili, moja pana na moja yenye ncha, sponji, mkasi, karatasi ndogo zenye gundi mgongoni, zile za kuandikia kumbukumbu, karatasi nyeupe ya tishu ya kufungia zawadi, kurasa za gazeti au daftari la zamani, na kalamu nyeupe ya jeli. Draya ya nywele inasaidia ukiwa na haraka.

Rangi zenyewe ziwe tatu tu na nyeupe: njano ya limau, samawati, na magenta, yaani waridi iliyokolea. Njano na samawati zitakupa kijani. Samawati na magenta, zambarau. Njano na magenta, chungwa. Zote tatu pamoja, kahawia ya manyoya. Watu hudhani nasema hivi kwa ajili ya kubana matumizi. Siyo. Kahawia ya sungura ikitokana na rangi zilezile zilizochanganywa kupata nyasi na anga, sungura anakuwa wa mahali pale. Kahawia ya kununuliwa kwenye tyubu humfanya aonekane mgeni, na kijani ya tyubu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inang'aa kama plastiki.

Sasa wino. Kuna wino unaoyeyuka kwa maji: karatasi huunywa, hukauka upesi, na brashi yenye maji ikipita juu yake unatapakaa. Kuna wino wa pigmenti, mzito, unaokaa juu ya karatasi bila kuzama. Rangi yake hudumu, lakini huchelewa kukauka, na ukiugonga juu ya jeso au akriliki unaweza kukuta bado unanata kesho yake. Kisha kuna wino wa kudumu, ambao ukikauka maji hayaugusi. Huu ndio wa kugongea sungura na mistari ya maua, maana rangi itapita juu yake.

Usiamini kilichoandikwa kwenye kifuniko. Paka jeso kwenye kipande cha karatasi, acha ikauke, gonga muhuri, subiri dakika kumi, halafu pitisha brashi yenye maji. Maji yakiwa meusi, huo siyo wino wako. Niliwahi kuruka jaribio hili kwa sababu pedi ya wino ilikuwa mpya na maelezo yake yaliahidi makubwa. Sungura wangu aligeuka wingu la mvua mbele ya macho yangu.

Kuhusu rangi ya wino, kwa wanyama ninaepuka nyeusi. Mstari mweusi humfanya mnyama aonekane ametoka kwenye daftari la watoto la kupaka rangi. Kahawia iliyokolea au kijivu hukubali kumezwa na rangi za baadaye.

Kuchonga sungura kwenye raba

Mihuri ya dukani ya mpira au ile angavu, inayoonyesha kilicho chini yake, inayobandikwa kwenye kipande cha plastiki inatosha kabisa. Lakini muhuri wa kuchonga mwenyewe una mistari minene na isiyo kamili, na hiyo huchanganyika na rangi kwa urahisi zaidi. Raba kubwa ya kufutia penseli, yenye urefu wa sentimita sita hivi, inamtosha sungura mdogo. Kwa picha ya A4 ningetumia kipande cha mpira laini wa kuchongea chenye urefu wa sentimita tisa au kumi.

Mchore sungura kwa penseli laini, 4B au 6B, kwenye karatasi nyembamba. Muweke wa ubavuni, si wa kutazama mbele: masikio mawili, mgongo wa upinde, paja la nyuma la mviringo, mkia. Pindua karatasi, uso wa penseli uguse raba, usugue kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia kwenye raba ukiwa umegeuka kushoto kulia, na ukigonga utageuka tena na kurudi ulivyochora. Ukichora moja kwa moja juu ya raba, kumbuka kwamba sungura anayetazama kulia atatoka akitazama kushoto.

Kisu chenye ncha ya umbo la V ndicho cha kuanzia. Kishike kwa chini, karibu kilale, na ukisukume kuelekea mbali na vidole vya mkono unaoshika raba. Kwenye kona za mviringo, tuliza kisu na uzungushe raba. Mkono unaojaribu kupinda pamoja na paja la sungura utateleza. Raba inayozunguka chini ya kisu kilichotulia itakupa upinde safi. Siri nyingine ni mteremko: kata ukiegemeza kisu nje ili mstari uliobaki uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la shamba. Ukikata kwa kuingia ndani, mstari unabaki bila msingi na utavunjika siku ya tatu.

Manyoya usiyachore yote. Kata vijistari vifupi tumboni na shingoni tu, vikifuata mlalo wa manyoya: kutoka kichwani kurudi nyuma, kisha chini kwenye paja. Mgongo uache mzima. Jicho ni duara lenye tundu dogo la mwanga, na tundu hilo ulikate mwisho kabisa, ukishagonga nakala za majaribio na kujua kichwa kimekaa sawa.

Gonga nakala tano kwenye karatasi ovyo kabla hujaridhika. Utaona pembeni alama za raba usizozitaka, zichonge. Chache ziache, zina uhai.

Kwa maua, huhitaji kuchonga kila kitu. Kiazi kilichokatwa nusu na kufutwa maji kinatoa tulipu ya kutosha ukikata meno matatu upande wa juu. Bamia iliyokatwa kwa kukingama hutoa kijiua chenye vyumba, mara nyingi vitano, kinachofaa kabisa kwa maua ya mcheri ya mbali.

Kutayarisha ardhi na anga

Paka jeso nyembamba karatasi nzima na uiache ikauke. Chana, usikate, vipande vya gazeti au kurasa zenye mwandiko, uvibandike kwenye theluthi ya chini ya picha. Ukingo uliochanwa hufifia ndani ya picha. Uliokatwa kwa mkasi hupiga kelele. Paka gundi chini ya kipande na juu yake pia, kisha kisugue kwa kidole kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke.

Mahali utakapomgonga sungura pabaki wazi, bila kipande chochote. Muhuri ukivuka ukingo wa kipande kilichobandikwa, mstari unakatika hapohapo.

Ikikauka, changanya jeso na maji kidogo uipitishe juu ya maandishi kama ukungu. Maneno yasisomeke, yawe mnong'ono tu wa kijivu. Hapa wengi hupunguza mkono kwa kuogopa kuficha kazi yao. Wewe ficha, maana kinachohitajika pale ni umbile.

Kwa rangi ya nyuma, tumia akriliki iliyozimuliwa badala ya rangi za maji. Rangi za maji juu ya jeso hazizami. Ukipita na brashi ya pili zinabanduka. Anza na samawati hafifu sana juu, ikipungua inaposhuka, na karibu na upeo wa macho iache nyeupe iliyotiwa chembe ya magenta. Anga la majira haya ni jepesi, halina bluu ya kukolea. Subiri ikauke kabisa. Kisha njano ya limau upande wa chini, na wakati bado mbichi ingiza samawati kidogo kidogo ili kijani kijitokeze chenyewe, pengine mbichi, pengine iliyozeeka. Kijani ikizidi ukali, chembe ya magenta huituliza.

Usiruhusu njano mbichi ikutane na zambarau mbichi. Hizo mbili zikichanganyika zinatoa tope, na tope halirudi kuwa rangi.

Kabla ya kugonga chochote, amua mwanga unatoka wapi. Bandika kipande cha utepe mezani, chora mshale. Wetu utatoka juu kushoto. Mshale huo utauhitaji baada ya saa mbili, utakapokuwa umeshausahau.

Kugonga: kilicho mbele hutangulia

Hapa kichwa cha mtu huzunguka kidogo. Katika uchoraji, kilicho nyuma huchorwa kwanza. Katika mihuri ni kinyume: kilicho mbele hugongwa kwanza, kisha kinafunikwa, ndipo cha nyuma kinagongwa kikipita juu ya kifuniko.

Tunataka tulipu moja isimame mbele ya paja la sungura. Kwa hiyo tulipu hiyo ndiyo ya kwanza. Gonga. Halafu gonga tulipu ileile kwenye karatasi ndogo yenye gundi, ukiiweka ua lote karibu na upande wenye gundi, uikate kwa mkasi ukipita ndani kidogo ya mstari, upana wa unywele. Ukikata nje ya mstari, utabaki na uzi mweupe kuzunguka ua, na uzi huo ndio unaofichua hila. Funika tulipu ya kwenye picha kwa kifuniko hicho, kisha mgonge sungura juu yake. Ondoa kifuniko: tulipu iko mbele, paja liko nyuma.

Kwa kugonga kwenyewe, weka gazeti lililokunjwa chini ya karatasi ili muhuri upate mahali laini pa kuzama. Muhuri mkubwa uuweke chali, upigepige pedi juu yake. Ukiukandamiza wote juu ya pedi, wino hujaa kwenye mitaro. Shusha muhuri wima, ukandamize kwa vidole sehemu moja baada ya nyingine, katikati na kona, bila kuutikisa kama bembea. Hesabu hadi tatu, uinue wima. Halafu usiguse. Uache robo saa au zaidi, hasa juu ya jeso.

Iwapo uso wako una matuta mengi, au una hofu tu (na hofu ni sababu halali), kuna njia ya tishu. Mgonge sungura kwa wino wa kudumu kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Akitoka vibaya, tupa, gonga mwingine. Akitoka vizuri, chora kwa brashi yenye maji njia ya kumzunguka, nusu sentimita nje yake, na uichane kwa kufuata unyevu huo. Paka gundi ya akriliki mahali pake, mlaze, kisha gundi tena juu kwa brashi laini bila kusugua. Gundi ikikauka, tishu inakuwa karibu angavu na inapotelea kwenye mandhari, ukabaki na sungura peke yake. Inafanya kazi vyema juu ya rangi hafifu. Juu ya rangi iliyokolea, tishu huacha utando wa maziwa. Ukitumia njia hii, tulipu ya mbele uikate kwenye karatasi iliyopakwa rangi na uibandike juu yake, maana mistari ya chini ya tishu huonekana.

Maua, na hesabu ya petali

Mtazamaji huenda asijue jina la ua, lakini jicho lake linajua likidanganywa. Tulipu ina petali sita, ingawa ukiitazama ubavuni unaona tatu au nne. Dafodili nayo ina sita, na katikati kombe lililochomoza kama tarumbeta. Ua la mcheri wa asili lina petali tano, kila moja ikiwa na mkato mdogo nchani. Bila mkato huo litasomeka kama ua lolote. Na usichanganye misimu. Kaskazini mwa dunia majira haya huanza kwa hesabu za anga Machi 20 au 21, kusini Septemba 22 au 23, na alizeti kote huko bado haijafungua. Ukiiweka kando ya dafodili umechora majira mawili kwa wakati mmoja.

Mfunike sungura pamoja na tulipu ya mbele kwa vifuniko vya namna ileile, kisha gonga maua ya nyuma. Gonga dafodili mara moja kwenye karatasi ovyo, kisha, bila kuongeza wino, gonga kwenye picha. Chapa hiyo ya pili itakuwa hafifu, na ufifu huo unasomeka kama umbali. Ya tatu ni hafifu zaidi. Muhuri mmoja umekupa safu mbili za shamba bila kubadilisha rangi hata mara moja. Pandisha kila safu juu kidogo kwenye karatasi, na kwa safu ya tatu, ya mwisho, tumia vidoti vya sponji tu.

Kwa ua lenye rangi mbili, acha pedi. Chukua kalamu za wino wa maji, upake njano kwenye petali za muhuri na chungwa kwenye tarumbeta. Wino wa kalamu utaanza kukauka kabla hujamaliza. Sogeza muhuri mdomoni, upulizie pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani, kisha gonga mara moja. Unyevu huo mdogo unaamsha rangi yote, na mipaka yake inalainika kidogo kama ua halisi. Wino huu utatapakaa ukiguswa na maji, na juu ya jeso hausimami vizuri, kwa hiyo ugonge kwenye karatasi tupu, ukate ua, na ulibandike bila kulipaka gundi juu.

Kubandika maua yaliyokatwa kuna ukoo wa heshima. Mary Delany wa Uingereza alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 72, katika karne ya 18. Alikata karatasi za rangi vipande vidogo vidogo, akavipanga juu ya karatasi nyeusi hadi vikawa ua, na aliacha kazi karibu 1,000, ambazo leo zimehifadhiwa British Museum. Cha kuiga kwake ni hiki: kivuli cha petali hakuwa akikipaka tu, alikikata. Kipande chembamba cha njano iliyokolea kikibandikwa chini ya njano hafifu hufanya petali ijikunje. Kwenye dafodili yako, vipande vitatu vinatosha.

Bandika katikati ya ua tu, uache ncha za petali zikiinuka. Zitatupa kivuli cha kweli kwenye karatasi.

Kumsimamisha sungura

Sasa ondoa vifuniko vyote, ukae, uangalie. Sungura yuko mahali pake, maua yako nyuma na mbele, na bado anaelea kidogo. Kuna mambo matatu ya kufanya, na haya ndiyo ningeyafundisha hata kama ningekuwa na dakika kumi tu.

Kwanza, kivuli. Changanya samawati na magenta kidogo, zimua hadi iwe kama maji ya chai hafifu. Mwanga unatoka juu kushoto, basi kivuli kinalala chini kulia. Anza hapo tumbo na miguu inapogusa ardhi, ambapo kivuli kimekolea na ni chembamba kuliko pengine, kisha kivute kwenda kulia kikipanuka na kufifia. Usitumie nyeusi, itatoboa shimo kwenye nyasi. Picha ya sungura aliyoichora Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, mwaka 1502, iliyoko jumba la makumbusho la Albertina jijini Vienna, haina nyasi, haina anga, haina kitu chochote nyuma yake. Kivuli tu. Na hakuna anayeitazama akadhani sungura yule anaelea. Yeye pia alichanganya vifaa: rangi za maji kwanza, kisha rangi nzito nyeupe, unywele kwa unywele.

Pili, rangi ya ardhi impande. Paka manyoya kahawia ya rangi zako tatu, mgongoni nyepesi upande wa mwanga, chini ya tumbo nzito zaidi. Kabla tumbo halijakauka, gusa kwa kijani ya nyasi iliyozimuliwa sana. Mnyama mwenye tumbo jeupe akikaa kwenye majani, tumbo lake huwa na ukijani. Watu hawaoni kijani hicho, wanaona tu kwamba sungura yupo pale.

Tatu, nyasi zipite mbele ya miguu. Brashi yenye ncha, kijani nzito kiasi, vuta kutoka chini kwenda juu na uinue mkono mwishoni ili ncha iwe kali. Saba au nane zinatosha, zisiwe na urefu sawa, mbili zipindane. Usimzungushie nyasi kama uzio. Ziweke kwenye mguu wa mbele na kwenye paja, kwingine acha.

Malizia jicho kwa kidoti cha kalamu nyeupe, upande wa kushoto juu, kulikotoka mshale wa mezani. Kidoti kimoja. Viwili vinamfanya alie.

Mbayuwayu na nyuki

Mbayuwayu hutambulika kwa mkia wa panda na mabawa membamba yaliyopinda kama mundu. Mgonge kwa chapa ya pili, hafifu, kwenye theluthi ya juu upande ule sungura anaotazama, ili macho ya mtazamaji yapate njia ya kupita. Asiwe katikati kabisa. Mmoja anatosha, watatu waliolingana ni pambo la ukuta.

Nyuki hahitaji hata muhuri: alama ya kidole gumba yenye njano, mistari miwili ya kahawia, na mabawa ya kalamu nyeupe. Ana mabawa manne, ila kwa ukubwa huo mawili yanasomeka vizuri zaidi. Muweke karibu na ua, akielekea kwenye ua, si kupita njia.

Yakiharibika

Chapa iliyotoka nusu: usirudie kugonga juu yake, hutapata palepale. Malizia kwa brashi nyembamba na rangi ileile. Muhuri ulioteleza na kutoa mistari pacha: jeso juu ya mstari wa ziada, au kipande cha karatasi kilichochanwa, na hapo ndipo nyasi zinapoota kwa ghafla. Doa la wino angani likiwa dogo hugeuka mbayuwayu wa pili wa mbali. Likiwa kubwa ni wingu, tena la jeso iliyopigwa kwa sponji.

Sungura akiharibika kabisa, mgonge mwingine kwenye tishu na umbandike juu ya jeso mpya. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kinga na usafi

Iache picha hadi kesho. Asubuhi isimamishe mbali, hatua nne hivi, ukitazama kitu kimoja tu: jicho linaingia wapi na linakwama wapi. Kama linakwama kwenye ua la pembeni kwa sababu limekolea mno, lipitishie jeso nyembamba. Halafu acha. Tamaa ya kuongeza kipepeo kila penye nafasi ni kubwa, na nafasi hiyo tupu ndiyo hewa ya picha.

Vanishi ya kupaka kwa brashi inaweza kuburuta wino wa kalamu, kwa hiyo tumia ya kupulizia, sehemu yenye hewa nyingi, safu mbili nyembamba badala ya moja nzito, na uijaribu kwanza kwenye ile karatasi ya majaribio. Wino unaoyeyuka kwa maji hupauka kwenye jua, vanishi au bila vanishi. Ukuta usiopigwa na jua ndio wake.

Mihuri ioshe siku hiyohiyo. Raba na mpira: kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na mswaki wa zamani kwenye mitaro. Ile angavu ioshe kwa maji ya vuguvugu, iache ikauke kwa hewa, uirudishe kwenye plastiki yake mbali na jua; ina kawaida ya kugeuka manjano, ila umanjano hauizuii kugonga. Kiazi tupa, kesho kitakuwa kimesinyaa na tulipu yako itatoka kama ngumi.